Nyasi Hizi Hazivuki

"Mzee, kwa nini unaomba ruhusa ya kuingia kwako?"

Swali hilo nilimuuliza Mzee Robinson Okurut nikiwa gredi ya nne, siku aliyokuja kwa kibanda cha mama yangu kuazima kalamu. Alikuwa na karatasi ya mistari na alikuwa ameandika tarehe tu. Aliniangalia, akaangalia kalamu, akasema, "Hii inaandika ama inakwaruza?" Nikamwambia inaandika. Basi akaketi, akaandika, na mimi sikujibiwa.

Nyumba ya Mzee Okurut iko Malaba, upande wa Kenya, kando ya ile barabara ambayo malori husimama yakingoja kuingia Uganda. Ni lazima niseme upande wa Kenya kwa sababu ukivuka mto kuna Malaba nyingine, ya Uganda, na watu wa kule nao huita kwao Malaba bila kuomba samahani. Mbele ya nyumba kuna geti la mabati. Mbele ya geti kuna kabro, yaani njia ya waenda kwa miguu iliyopangwa kwa vile vitofali vya simiti. Halafu kibanda chetu cha chai, halafu barabara. Kabro ina upana wa hatua tatu za mtu mzima. Mimi nilipima nikapata tano.

Kabla hajawa mzee, Mzee Okurut alikuwa mtu wa baiskeli. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa. Alibeba sukari, magodoro, mafuta ya taa, trei za mayai, na siku moja alibeba kabati la nguo la bibi harusi, lenye kioo, na kioo kilifika kizima. Bidhaa hizo zote zilitoka nchi moja zikaingia nyingine, na hakuna hata moja iliyopita geti la mpakani. Alipita chini, mtoni, mahali watu wanaita njia ya panya, ingawa anasema miaka yote hiyo hakuona panya hata mmoja.

Alishikwa mara nne. Mara zote nne aliyeenda kumtoa seli ni mke wake, Mama Zilpa, akiwa amevaa rinda lake la kanisa na kubeba mkoba, kwa sababu alisema mtu wa kaunta huheshimu mkoba. Baada ya mara ya nne Mzee aliuza baiskeli, akawa mlinzi wa stoo ya mahindi mpaka akastaafu. Nilimuuliza Mzee, Mama Zilpa alisema nini siku hiyo ya nne? Mzee akasema, "Mambo."

Sasa, kilichomfanya aazime kalamu ni kifua cha Mama Zilpa.

Mama Zilpa ni fundi wa cherehani. Hushona sare za shule akiwa ameketi mlangoni kwake, na mlango unaangalia barabara. Uwanja wao ulikuwa murramu tupu, ule udongo mwekundu wa barabara. Lori likipita, vumbi liliinuka, likaingia ndani, likakaa kwenye makochi kama wageni. Mama Zilpa akaanza kukohoa. Mwaka wa kwanza alikohoa asubuhi. Mwaka wa pili alikohoa hata akicheka, kwa hivyo akapunguza kucheka. Daktari alimsikiliza kifua, akamuuliza anakaa wapi, na alipoambiwa akaweka kalamu chini. Alisema mawili: vumbi liondoke, ama Mama Zilpa aondoke.

Dada yake Mama Zilpa, anayeitwa Maurine, anakaa Amukura, ambako kuna miti na barabara haina kazi nyingi. Alikuwa ameshamtengea chumba na kitanda. Mzee Okurut hakualikwa. Maurine hakuwa amesahau zile mara nne. Shemeji, mume wa Maurine, angekuja na gari lake la Probox Jumamosi ya mwisho ya Aprili, saa nane mchana, kumchukua Mama Zilpa, na ule mfuko mkubwa wa mistari ya bluu na nyekundu ulikuwa umeshawekwa karibu na mlango. Haikusemwa kwamba atarudi. Haikusemwa pia kwamba hatarudi.

Mzee alienda nasari moja ya miche huko Amukura kuulizia. Mwenye nasari, jamaa anayeitwa Oluka, alimwambia dawa ya vumbi ni nyasi za kutambaa, na dawa ya nyasi ni udongo mweusi, lori moja, kwa sababu juu ya murramu hazishiki. Mzee akalipia magunia arobaini ya nyasi. Oluka naye alikuwa amepata lori lililokuwa likirudi Malaba tupu, akaona asipoteze nafasi. Kwa hivyo nyasi zilifika kabla ya kitu kingine chochote, zikashushwa kando ya kibanda chetu. Kati ya nyasi na uwanja kulikuwa na kabro.

Na kwenye kabro kulikuwa na bango. Lilisema: NI MARUFUKU KUPITISHA GARI, UDONGO AU VIFAA JUU YA NJIA HII BILA KIBALI. Watu wote walilisoma bango hilo siku lilipowekwa. Kisha wakaanza kulianikia nguo.

Jirani wa Mzee anaitwa Emukule. Ameshapitisha juu ya kabro hiyo mchanga, kokoto, matangi mawili na ng'ombe. Huwa anafanya hivyo Jumapili saa nne, watu wakiwa kanisani, pamoja na wale wanaopaswa kukataza. Alipoona Mzee anaandika barua alikuja akasimama nyuma yake.

"Papa Okurut, ni wewe? Wewe uliyepitisha kabati la kioo mtoni? Leo unaogopa kabro?"

"Siogopi."

"Basi ngoja Jumapili. Nakuja na wilibaro mbili. Padre akianza mahubiri tunaanza, akimaliza tumemaliza. Na vile yule padre anapenda kuongea, unaweza hata kupanda miti."

"Ninaandika barua."

"Kwa nani? Kwa kabro?"

"Kwa ofisi."

Emukule akamwangalia mama yangu. "Shamira, mpe huyu mzee chai ya tangawizi. Ana homa."

Barua ilikuwa fupi. Niliisoma kabla haijakunjwa, na naikumbuka yote: *KUH: RUHUSA YA KUVUKA NA NYASI. Mimi Robinson Okurut naomba ruhusa ya kuvuka na magunia arobaini ya nyasi na lori moja la udongo kutoka Malaba hadi Malaba. Ni mimi mwaminifu.* Alikuwa anamaanisha kutoka Malaba ya barabarani hadi Malaba ya nyumbani kwake. Mimi niliona iko sawa. Nilimsahihishia tu neno magunia, alikuwa ameandika maguniya.

Siku hiyo nyasi zilikuwa na siku mbili ndani ya magunia.

Barua aliipeleka ofisi moja ya kaunti huko Amagoro. Yaliyotokea huko alitusimulia mwenyewe akiwa na kikombe mkononi, na alisimulia vile vile kila mara, bila kuongeza. Karani, kijana anayeitwa Okwakol, alisoma kichwa cha barua akairudisha.

"Mzee, mambo ya kuvuka si hapa. Nenda mpakani."

"Mpakani kufanya nini?"

"Si umeandika kuvuka? Si umeandika Malaba hadi Malaba? Ama unataka nikuandikie Mombasa?"

Nyuma ya Mzee kulikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja. Mzee akafikiri pengine sheria zimebadilika. Alikuwa amekaa nje ya biashara hiyo muda mrefu. Akaenda mpakani.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kupanga foleni mpakani. Mama yangu alimuuliza ilikuwaje. "Nzuri," akasema. "Kuna kivuli." Alipofika mbele alielekezwa kwa ofisa wa mimea, mwanamke anayeitwa Madam Ziada, na Madam Ziada alivuta fomu.

"Nyasi inatoka wapi, mzee?"

"Amukura."

"Inaingia wapi?"

"Malaba."

"Malaba ya Uganda."

"Malaba ya kwangu."

"Cheti cha afya ya nyasi unacho?"

"Afya yake si nzuri. Leo ni siku ya nne iko kwa gunia."

Madam Ziada akaacha kuandika. "Mzee wangu, nyumba yako iko upande gani wa mto?"

"Huu."

"Na Amukura?"

"Huu."

"Sasa unavuka nini?"

"Kabro."

Mzee anasema Madam Ziada hakucheka. Alienda tu nyuma ya kabati kidogo, kisha akarudi. Alimwambia hawezi kumpa ruhusa ya kuvuka mpaka kwa kitu kisichovuka mpaka, lakini kwa sababu ametoka mbali atamsaidia. Akaandika chini ya barua: *Nyasi hizi hazivuki.* Akapiga muhuri. Mzee alituonyesha muhuri huo kwa muda. Miaka yote ya baiskeli hakuwahi kupata hata mmoja.

Alirudi nao Amagoro siku iliyofuata. Okwakol akausoma.

"Imeandikwa hazivuki."

"Ndiyo."

"Sasa kama hazivuki, kibali cha nini?"

Ilikuwa dakika tano kabla ya ofisi kufungwa. Okwakol akamwambia, kwa upole, arudi na barua inayoeleweka.

Jumatano hiyo nyasi zilikuwa na siku sita. Wateja wetu walikuwa wamezoea kuzikalia. Mama yangu alikuwa akizimwagia maji ya kusuuza vikombe, na gunia la juu likaanza kunuka majani ya chai. Ukichungulia ndani uliona rangi ya njano. Nyuma ya geti tulimsikia Mama Zilpa akikohoa, cherehani inanyamaza, kisha inaendelea. Zilibaki siku tatu Probox ije.

Emukule akaja tena. Safari hii hakufanya mzaha. "Okurut, Jumapili ni mbali sasa. Fanya leo. Saa saba watu wanakula. Nani atakuona?"

"Hapana."

"Mke wako anaenda, jamani."

"Najua anakoenda."

"Sasa?"

"Sasa nipishe, naandika."

Aliandika kichwa cha barua, akakifuta, akakiandika tena. Mama yangu alikuwa anakaanga mandazi na alikuwa amemvumilia vya kutosha.

"Mzee Okurut, nikuulize. Hiyo kabro wewe unaivuka ama unaikanyaga?"

Mzee akafikiri. Aliwahi kuvuka vitu vingi na nadhani alikuwa anavipitia kimoja kimoja.

"Naikanyaga."

"Basi andika hivyo."

Barua ya pili ilisema: *KUH: OMBI LA KUKANYAGA KABRO. Naomba kukanyaga kabro iliyo mbele ya geti langu, hatua tatu, kwa wilibaro, nikiingiza nyasi na udongo kwa uwanja wangu.* Okwakol aliisoma Alhamisi asubuhi akapiga meza kwa kiganja. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo!" Akavuta droo. Fomu ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote, rundo zima, na Mzee anasema ya juu ilikuwa na vumbi.

Kukanyaga kabro kulikuwa na bei. Kibali cha siku moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, shilingi elfu moja na mia tano. Dipoziti elfu tano, ya kurudishwa kama hakuna kitofali kitakachovunjika. Halafu mbao za kufunika kabro yote itakayokanyagwa, kamba yenye vitambaa vyekundu, na nafasi ya mita moja ili waenda kwa miguu waendelee kwenda kwa miguu. Mzee alilipa kwa pesa za udongo. Kwa hivyo lori la udongo likawa pikapu ya udongo. Alichagua Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku pekee iliyokuwa imebaki.

Ijumaa alikuja mkaguzi na futi ya chuma. Alipima kabro akapata mita mbili nukta moja. Alihesabu vitofali vyote mbele ya geti, akafika kimoja akainama, akaandika: *kimoja kimevunjika tangu zamani.* Emukule alikuwa amesimama hapo hapo. Aliangalia mawingu.

Jumamosi nilikuwa kibandani tangu asubuhi, kwa hivyo haya niliyaona kwa macho yangu. Mbao zilitandikwa. Kamba ilifungwa. Pikapu ilimwaga udongo juu ya turubai. Oluka alikuwa amekuja kuonyesha jinsi ya kupanda, na Emukule alikuja na wilibaro yake, akisema anataka tu kuona kama karatasi inasukuma mzigo. Mzee mwenyewe alivaa koti. Kibali kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti hilo, ndani ya karatasi ya plastiki. Jua lilikuwa kali na alitokwa na jasho hadi kwenye nyusi, lakini koti hakulivua.

Mama Zilpa aliketi mlangoni, mfuko kando yake. Alikuwa amevaa rinda la kanisa, la safari. Kila wilibaro ikiingia aliinua miguu kidogo ipite.

Walikuwa wameingiza kama nusu ya magunia, Mzee anasukuma na Emukule anamwaga, wakati pikipiki iliposimama barabarani. Akashuka kanjo, askari wa kaunti, na sare yake na rungu. Alikuwa na sauti ambayo haikuhitaji pikipiki.

"Simamisha kazi! Mwenye hapa ni nani?"

Oluka akaweka jembe chini. Emukule akaweka wilibaro chini, kisha akasogea mbali nayo kama mtu asiyefahamiana nayo. Mama yangu akaacha mandazi mafutani.

Mimi nilikuwa namwangalia Mama Zilpa. Aliposikia ile sauti alisimama. Hakuharakisha. Alichukua mkoba wake, akaufungua, akaangalia kama kitambulisho kimo, akaufunga, akaubana kwapani. Alinyoosha rinda. Alikuwa kama mtu anayejua basi lake linapita saa ngapi.

Mzee alijifuta mikono kwa suruali, mmoja kisha mwingine. Akatoa plastiki, akatoa karatasi.

Kanjo alisoma. Alisoma mbele, akageuza akasoma nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Aliangalia mbao. Aliangalia kamba. Alitembea ile mita moja ya waenda kwa miguu, kwenda na kurudi, akaona inatosha mtu.

"Saa kumi na moja umetoa kila kitu, mzee?"

"Saa kumi na moja."

"Hizi mbao usiziache hapa. Watu wataanguka."

"Nitazitoa."

"Haya. Kazi njema."

Akarudisha karatasi, akapanda pikipiki, akaenda zake Amagoro. Mandazi ya mama yangu yalikuwa yameungua upande mmoja.

Mama Zilpa alikuwa bado amesimama na mkoba kwapani.

"Amekwenda?" akauliza.

"Amekwenda," Mzee akasema, akashika wilibaro.

Saa nane Probox ilifika. Shemeji alikuta uwanja umejaa udongo, akakosa pa kukanyaga, akakaribishwa kula akiwa getini. Alikula ugali na samaki wa Port Victoria, akasifu samaki. Kisha Mama Zilpa alimwambia amsalimie Maurine sana, na kwamba yeye atakuja siku nyingine, kumtembelea. Shemeji akauliza kama abebe mfuko utangulie. Mama Zilpa akasema mfuko haujambo hapo ulipo. Ulikaa mlangoni wiki moja zaidi, kisha akaanza kuwekea ndani sare za wateja.

Saa kumi na dakika arobaini mbao zilikuwa zimetolewa na kabro imefagiliwa. Dipoziti ilirudi baada ya miezi miwili, yote.

Nyasi hazikufanya vizuri mara moja. Magunia ya chini yalikuwa yameoza na udongo wa pikapu haukufika kila mahali, kwa hivyo mwaka wa kwanza uwanja ulikuwa na mabaka kama mbuzi. Mzee alizimwagilia asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu, akihamisha vipande kutoka palipoota hadi palipokataa. Mwaka wa pili zilikutana. Mama Zilpa bado hukohoa malori yakiwa mengi, maana barabara haikupandwa kitu. Lakini ameanza tena kucheka, hasa akisimuliwa habari za Madam Ziada na kabati, na anaweza kufika mwisho wa kicheko bila kushika ukuta. Emukule bado hupitisha vitu Jumapili.

Mimi sasa niko gredi ya tisa. Mwezi uliopita nilimkuta Mzee Okurut amechuchumaa uwanjani akitoa magugu, cherehani inalia ndani, nikamuuliza tena lile swali. Nilimwambia pia kwamba Emukule hajawahi kuulizwa hata siku moja, kwa hivyo kwa hesabu yangu Mzee alikuwa amepoteza siku saba, magunia kumi na tano na nusu lori.

Aling'oa gugu moja, akatikisa udongo, akaliweka kando na mengine.

"Emukule hajawahi kutolewa seli na mtu," akasema. "Mimi nilijua askari atakuja. Wao huja tu. Nilitaka Zilpa aone, hata mara moja tu, askari akija, akisoma, akienda bila mimi."